Siyo Ile Ngoma ya Mtaani

Mtaa wa Mchikichi,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

11 Agosti, 2024

Mpendwa mdogo wangu Ridhiwani,

Asalaam aleikum. Kabla hujaenda mbali, niamkie kwanza. Haya, marahaba. Nakujua wewe, ukipata habari za nyumbani unaruka salamu zote unakimbilia chini kutafuta nani kafa. Hakuna aliyekufa. Rudi juu usome taratibu, maana na mimi nimeandika taratibu.

Hali yako huko Muscat? Abdulrazak, huyu aliyekukabidhi bahasha, alipokuja likizo alitwambia joto la huko mwezi huu hata maji ya bomba yanatoka ya moto. Mgongo je, bado unakusumbua na hilo lori? Na unakula chakula cha maana au unashindia chai na mkate? Najua utasema unakula. Marehemu mama alikuwa anasema wewe ukijibu haraka hivyo ujue sufuria halijainjikwa.

Sisi tunamshukuru Mungu. Mimi mzima, ila magoti yamekataa ngazi, na duka langu la madera wamenihamishia ghorofa ya pili, basi kila asubuhi ni ugomvi, mimi na magoti. Kariakoo ni ile ile, asiyenunua anabeba mzigo, asiyebeba mzigo anakukanyaga. Jirani yangu Anaeli, yule Mchaga wa mashuka, bado anakuulizia, anasema ulimwahidi manukato ya Oman na hajayaona mpaka leo.

Utajiuliza barua ya nini zama hizi. Simu ninayo na bando ninalo. Lakini neno lililotuharibia nyumba lilitoka kwenye simu, kwenye lile grupu letu la ukoo, kila mmoja akalisikia kwa sikio lake na kulipeleka alikotaka. Haya ninayokwambia leo nataka uyasome kwa macho yako, uyarudie ukitaka, na usiweze kumrushia mtu.

Nianzie Feri, maana ndiko mambo yalikoanzia. Kaka yetu Shomari unajua kazi yake, anawahi mnadani, ananunua samaki, anawapelekea kina mama wakaangaji wa Buguruni. Pale mnadani hakuna maneno mengi. Mnadi anataja bei, anayetaka ananyoosha mkono, beseni linakuwa lake. Sasa mwaka jana mkono wa Shomari ukaanza kunyooka bila yeye kuutuma.

Mara ya kwanza likamwangukia beseni la vibua ambalo hakulihitaji. Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wao. Mara nyingine akaangukiwa na papa mzima, mkubwa, hana hata pa kumpeleka. Mnadi akamwuliza, "Vipi Shomari, una harusi?" Jina likamganda hapo hapo, ikawa akitokea tu wanamwita Bwana Harusi. Akajifunza kusimama mnadani mikono mfukoni. Ikawa bega linaruka. Akilibana bega, nyusi zinapanda, na mnadi hajui kama kaitikiwa au hakuitikiwa. Mwisho wakamwomba kwa heshima awe anasimama nyuma ya watu, mwenzake amnunulie.

Nyumbani alikuwa anaficha, na kwa kuficha alikuwa hodari. Mkono ukiruka anaumalizia kwenye kofia, utadhani alitaka kuiweka sawa. Mguu ukicheza anainuka anajifanya anatafuta ndala. Sisi tukawa tunamtania kwamba kaka kawa mtanashati siku hizi, kofia haimkai. Ukimpa mkono wa salamu anakubana anaachia, anakubana anaachia, kama anayekamua ng'ombe. Akakonda. Na hasira zikawa karibu, yeye ambaye zamani akikanyagwa mguu anaomba radhi yeye. Siku alipoanguka mbele ya watoto na sahani ya wali mkononi, mkewe Tatu akasema sasa basi, hospitali.

Mimi siku hiyo nilikuwa napokea mzigo, kwa hiyo akasindikizwa na Shangazi Mwanahawa. Hapo ndipo tulipokosea, ingawa shangazi mwenyewe hana kosa. Daktari walimpata mzuri, dada mmoja mpole anaitwa Scholastika. Akamwambia Shomari atoe ulimi nje aushikilie hapo hapo. Mtu mzima, baba wa watoto, hakuweza. Ulimi ukitoka unarudi, ukitoka unarudi, kama wa kenge. Daktari akasema hii inaitwa korea.

Shangazi akadakia, "Korea? Si kule kwenye tamthilia? Sasa huko tutamfikishaje jamani?"

Daktari akamweleza kwamba siyo nchi. Ni neno la kitabibu, asili yake Kigiriki, na maana yake ni misogeo ya mwili ambayo mwenyewe hakuikusudia. Inaruka mkono, inahamia bega, inashuka mguuni, haina mpangilio. Tena siyo kutetemeka, kwa sababu anayetetemeka anatetemeka mahali pale pale kwa mwendo ule ule. Hii inazurura. Ndiyo maana wale Wagiriki walipomwona mtu wa namna hiyo waliona kama anacheza, wakatumia neno lao lenye maana ya kucheza ngoma.

Katika maelezo yote hayo shangazi yetu alibeba neno moja tu. Alipofika getini akaweka sauti kwenye grupu, analia, nawe uliisikia: "Jamani tumetoka kwa daktari. Shomari kapimwa, daktari kasema ni ngoma. Tumwombeeni."

Wewe ni mtoto wa Bongo, huhitaji kuelezwa mtu akisemwa ana ngoma watu wanaelewa nini. Shangazi ni mtu wa Kilwa Kivinje, kwake ngoma ni ile inayowambwa ngozi. Kabla ya adhuhuri UKIMWI wa Shomari ulikuwa umeshavuka Msimbazi umefika Buguruni. Wale kina mama wakaacha samaki wake. Hawakumtukana, ila kila aliyemfikia alimwambia, "Leo nimeshapata, kaka." Kukonda kwake kukawa ushahidi, na mikono yake ushahidi. Kaka zake Tatu wakaja na bajaji mchana kweupe wakamchukua dada yao pamoja na watoto. Shomari akabaki mlangoni anaweka kofia sawa.

Na wewe Ridhi, kutoka huko ughaibuni, ukaandika mbele ya ukoo mzima: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asituombe chochote." Methali nzuri, umeipachika pasipo pake. Mkuu wa Shomari ni nani? Baba alipoondoka nani aliacha shule akaenda Feri ili wewe uende shule? Nilikasirika mpaka nikazima simu, na nakwambia wazi, hasira bado ninayo kidogo. Tangu siku ile hujampigia. Simu ya yeyote ikiita hapa nyumbani anageuka kuuliza kama ni wewe.

Na hata ingekuwa ile ngoma ya mtaani, ndivyo anavyosemwa mtu? Hapa hapa mtaani kwetu wapo wanaomeza vidonge vyao wakafungua maduka, wanazaa, wanazeeka na wajukuu. Ngoja nikwambie jambo utaniona nimerukwa na akili: leo hii natamani ingekuwa hiyo.

Majibu yalipokuwa tayari nilikwenda naye mimi. Virusi vya UKIMWI hana. Nikapiga kigelegele palepale kwenye korido, wagonjwa wakageuka wakidhani kuna aliyejifungua. Shomari akacheka mpaka machozi. Daktari hakucheka. Akafunga mlango, akatuvutia viti.

Akatwambia korea yenyewe siyo ugonjwa. Ni jina la dalili, kama kikohozi. Mtu anakohoa kwa mafua na mwingine anakohoa kwa kifua kikuu, kikohozi ni hicho hicho lakini safari zao siyo moja. Kuna watoto wanapata korea baada ya kuumwa koo, inakaa inaondoka. Kuna watu wazima wanaoletewa na dawa fulani. Mimi nikang'ang'ania hapo hapo kwenye koo. Nikamwambia Shomari utotoni koo lilimsumbua sana, basi itakuwa ndiyo hiyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza baba yetu alifariki kwa nini.

Nikamjibu kama tunavyojibu siku zote, kwamba baba alikuwa na pepo. Akaniuliza, "Huyo pepo alikuwa anamfanya nini?"

Ridhi, wewe ulikuwa mdogo sana, sijui unakumbuka nini. Ulikuwa unamfuata baba nyuma pale uani Kivinje unaigiza mwendo wake, kila mtu anacheka, na baba mwenyewe anageuka anacheka. Nikamweleza daktari mwendo ule. Nikamweleza mkono ulivyokuwa unamruka akaumalizia kwenye kofia. Niko katikati ya maneno nikamtazama Shomari, na mkono wake uko kwenye kofia. Daktari alikuwa ameshaweka kalamu chini.

Baba walimpunga, hilo umelisikia. Wakaleta fundi wa pepo na wapigaji wake, na ngoma zikilia baba anazidi kuruka. Fundi akasema mnaona, pepo anaitika, huyu anapenda ngoma, ongezeni. Wakaongeza. Baba hawezi hata kukaa mkekani, jasho linamtoka, nao wanapiga. Daktari Scholastika anasema mwenye korea ukimhangaisha, misogeo inazidi. Hakuna aliyemtakia baba mabaya, walikuwa ndugu zake na walimpenda. Lakini macho yake siku ile nayakumbuka mpaka leo, alikuwa anatuomba tuache, na sisi tukadhani anayeomba ni pepo.

Damu ya Shomari ilipelekwa kupimwa na jibu limerudi. Ugonjwa unaitwa Hantingtoni. Unarithiwa. Dawa ya kuuondoa haipo. Zipo za kupunguza misogeo, anameza, zinamsinzisha. Utamla mwendo, halafu maneno, halafu kumeza chakula, na akili nayo inakwenda polepole kwa miaka. Nimeyaandika haya haraka ili yapite.

Sasa ndipo penye sababu ya barua yangu, na ninaomba ukae kitako. Mzazi akiwa na ugonjwa huu, kila mtoto wake anarushiwa shilingi, upande mmoja anaurithi, upande wa pili ananusurika. Haitazami wa kike wala wa kiume, kifungua mimba wala kitinda mimba. Kwa baba tumezaliwa watatu. Ya Shomari imeshaanguka. Yangu na yako bado ziko hewani. Ikiwa umenusurika, basi na watoto wako wamenusurika, kwako umekatika. Ikiwa hukunusurika, haupigi hodi mpaka mtu ameshaoa na ameshazaa, kama baba, kama Shomari.

Kipimo kipo, mtu anaweza kupima hata kabla hajaona dalili. Mimi sijapima. Wanangu ni watu wazima na bado sijawaambia, nimeanza na wewe kwa sababu wewe una haraka. Naogopa, Ridhi. Siku hizi nikiangusha pini dukani nakaa naitazama chini badala ya kuiokota. Sitakulazimisha upime, na daktari naye anasema halazimishwi mtu, unakaa na mshauri kwanza, unaulizwa ukijua utafanya nini na usipojua utafanya nini.

Lakini kuna Mwanaisha. Posa imepokelewa, nikahi ni mfungo saba, miezi miwili tu ijayo, na kwao Temeke wanawake wameshachagua sare, walikuja kununulia hapa kwangu, wananiita wifi kwa sauti ya kusikika duka la tatu. Niliwapimia vitambaa nikapokea pesa yao. Binti wa watu hajui anaingia wapi. Lazima umwambie kabla ya nikahi, kwa mdomo wako, siyo kwa sauti ya kurekodi na siyo kupitia kwa shangazi. Usimwambie ngoma. Usimwambie pepo. Usimwambie kaka anaumwa mishipa halafu ukanyamaza. Mtajie jina la ugonjwa na umweleze hiyo shilingi, halafu umwache aamue akiwa anajua. Mama hakupata nafasi hiyo, na Tatu hakuipata.

Tatu amerudi, nilisahau kukwambia. Niliwafuata kwao nikawaeleza kwamba siyo ile ngoma wanayoidhani, kaka zake wakanibishia, yeye akabeba mtoto mdogo mgongoni akatoka. Tulipofika nyumbani akaniuliza swali moja tu: "Wifi, na watoto je?" Sikuweza kumdanganya. Tangu hapo anafua, anapika, hasemi sana. Mtoto akiangusha kikombe, na watoto wote duniani wanaangusha vikombe, nyumba nzima tunamtazama. Naye anatutazama sisi mmoja mmoja, hajui kakosa nini.

Kuna wakati mmoja tu wa raha. Shomari akilala mchana, mwili wote unatulia. Mikono, nyusi, kila kitu. Daktari alituambia usingizini korea huwa inaondoka. Basi Tatu anakaa pembeni ya kitanda na kazi yake ya mkono, hataki tumwite.

Juzi nilimwambia Shomari kwamba nakuandikia, na kwamba nitakueleza yote. Maneno yake sasa yanakatika, inabidi umsubiri. Nilidhani atataka nikugombeze kwa yale uliyoandika, na nilikuwa tayari, unanijua. Mkono ukaenda kwenye kofia. Akasema, "Mwambie Ridhi, harusi yake nitakuja. Kwenye ngoma watu wote wanatikisika. Hakuna atakayenijua."

Akacheka. Mimi nikainuka nikaenda jikoni nikakoroga chungu ambacho hakikuwa motoni.

Kama harusi ipo au haipo, hilo nawaachia wewe na Mwanaisha mkishazungumza, na vyovyote itakavyokuwa sitakulaumu wala sitamlaumu yeye. Mimi kanzu ya Shomari nimeshaipeleka kwa fundi. Nimemwambia aishone pana mabegani.

Tatu na watoto wanakusalimu. Anaeli anakusalimu na anasubiri manukato. Shangazi Mwanahawa anakusalimu sana, yeye mpaka leo hajui kwa nini watu walimnunia, nami sina moyo wa kumweleza. Nisalimie na Abdulrazak, mwambie nimemshukuru kwa kubeba bahasha bila kuuliza.

Mwenyezi Mungu akulinde barabarani na hilo lori, akupe ulimi wa kusema na Mwanaisha, na sote atupe nguvu ya kubeba alichotuandikia. Ukimaliza kusoma mpigie kaka yako, namba yake ni ile ile. Ukisikia kimya usikate. Atakuwa anatafuta neno, msubiri.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikufokea,

Mwanne